Nililipia msomaji wa lafudhi, akaanza kwa kufuta

Hadithi yangu ya Kiingereza ina fundi wa injini za meli, mzee wa miaka sitini kutoka Genoa, bandari ya kaskazini mwa Italia. Maneno yake niliyaandika kama Waitalia wa kwenye vichekesho: "Is-a very big-a problem." Kurasa kumi na mbili za namna hiyo, na nilijivunia kweli, mpaka rafiki yangu akaniuliza kama mzee ana kigugumizi. Ndipo nikatafuta huduma hii. Unawatumia mazungumzo ya mhusika wako, mtu aliyekulia Italia anayasoma na kuandika maoni pembeni.

Majibu yalichelewa siku nne kupita ahadi, na hawakuomba hata radhi. Nusu ukurasa wanautoza kama ukurasa mzima, jambo lililonikera zaidi. Lakini faili lenyewe, mh!

Zile "a" zangu alizifuta zote, akabakiza mbili. Sauti ipo, alieleza: maneno mengi ya Kiitalia huishia na irabu, kwa hiyo ulimi hutafuta pa kutua baada ya konsonanti. Sisi tuliofanya "shirt" kuwa shati na "bank" kuwa benki hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ila kairabu kenyewe ni hafifu, tena hakatokei kila neno. Ukikaandika kila mahali, msomaji anamsikia Chico Marx, mchekeshaji wa filamu za zamani aliyechekesha watu kwa lafudhi hiyohiyo ilhali alizaliwa New York na hakuwa Mwitalia. Kumbe nilikuwa naiga mwigaji.

Kilichonilipa pesa yangu ni sentensi moja. Mimi niliandika: "I am-a sixty year old, I work-a here for tree year." Yeye akaandika: "I have sixty years. I work here since three years." Nilicheka peke yangu. Nina miaka sitini! Kiitalia nacho husema "ho sessant'anni", na mimi ninayefikiri hivyohivyo kila siku nilikuwa nahangaika kupinda tahajia. Tazama sentensi yake: hakuna herufi hata moja iliyokosewa, na bado unajua huyu hakuzaliwa na Kiingereza. Kwingine aliongeza "the people is" na "informations", akaacha "Is raining" bila kiima. "Tree" aliifuta kwa sababu msomaji ataona mti kwanza.

Kwenye h nilikuwa nimeandika "'ouse", maana Kiitalia sanifu hakitamki h. Maoni yake: msomaji wa Kiingereza akiona alama hiyo atamsikia mtu wa mitaa ya London, hatamsikia Mwitalia. Badala yake alipendekeza kosa la mtu anayejitahidi kupita kiasi, anayebandika h pasipotakiwa. Fundi wangu anatoka chumba cha injini akihema, anataka kusema hakuna "air", hewa, anamwambia nahodha, "No hair down there." Nahodha anamtazama upara. Mzaha huo sasa umo kwenye hadithi, nimeuiba mchana kweupe.

Kasoro ninayo moja kubwa. Kwenye fomu nilitaja Genoa, yeye akanipa Italia kwa jumla. Napoli irabu za mwisho hufifia, Toscana "c" iliyo katikati ya irabu hulainika ikasikika kama h, sasa inakuwaje bandari ya kaskazini nzima isipate hata mstari? Pia alipenda "allora", ile "basi" ya Kiitalia, kupita kiasi, nilihesabu tisa, nikaacha mbili. "Mamma mia" alizitoa zote, na hapo nampigia makofi.

Nawapa nyota nne. Hadithi ya pili nitawapelekea wao, ila safari hii nitahakikisha ukurasa wa mwisho umejaa hadi chini.