Hunter kwa muuza asali wa Tabora: inapata barua pepe za nani, na za nani haipati

Hunter ni huduma ya mtandaoni ya kutafuta barua pepe za kazini. Unaandika domeni ya kampuni, yaani jina la tovuti yake linalokaa pia baada ya @, nayo inakuletea anwani ilizozikuta zimeandikwa wazi kwenye tovuti mbalimbali. Ilianza mwaka 2015 ikiitwa Email Hunter, na mpaka leo ni nyepesi kutumia hata kwa bando dogo. Ila kabla muuza asali wa Sikonge au Urambo hajatoa hela yake, ajiulize kwanza mnunuzi anayemtafuta yuko wapi.

Kama ni wa hapa nyumbani, usilipe. Hoteli nyingi, maduka ya jumla, hata wasindikaji wa mawese na dagaa kule Kigoma wanatumia Gmail, na wengi hawana tovuti kabisa. Hunter inashika domeni. Pasipo domeni ya kampuni haina pa kuanzia. Hata kwa mwenye .co.tz, mara nyingi utaletewa info@ peke yake, ambayo ungeiona mwenyewe chini ya ukurasa wa mawasiliano. Soko la ndani lina njia zake: namba iliyochapwa kwenye lebo ya chupa, Google Maps, ukurasa wa biashara wa Instagram. Mtu wa hapa utampata WhatsApp kabla hajafungua barua pepe.

Kwa waagizaji wa Ulaya na Marekani mambo ni tofauti, na hapo Hunter inastahili sifa. Ukishaandika domeni, juu ya majibu inakuonyesha mtindo wa anwani za kampuni ile: wengine wanaandika jina la kwanza, nukta, jina la ukoo, wengine herufi ya kwanza tu kisha ukoo. Mtindo huo una thamani kuliko orodha yenyewe. Mkuu wa manunuzi asipokuwemo kwenye orodha, jina lake utalipata kwenye LinkedIn au ukurasa wa timu yao, kisha unaitunga anwani mwenyewe na kuihakiki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea tahajia. Mjerumani anayeitwa Müller kwa kawaida anwani yake ni mueller, na ö inakuwa oe. Mholanzi mwenye "van der" mara nyingi maneno yote yanashikanishwa. Mfaransa mwenye majina mawili ya kwanza huenda akabaki na kistari katikati. Jaribu maumbo mawili matatu kwenye kihakiki, sehemu ya Hunter inayopima kama anwani ipo, kabla ya kukata tamaa.

Pembeni ya kila anwani kuna vyanzo: ukurasa ilipoonekana na tarehe. Vifungue. Anwani iliyotoka kwenye waraka wa miaka sita iliyopita huenda mwenyewe alishahama kampuni. Asilimia ya uhakika inayoonyeshwa ni makadirio tu, usiitegemee peke yake.

Kihakiki nacho kina mipaka yake. Kinagonga kwenye seva ya barua ya kampuni, yaani kompyuta inayopokea barua zao, na kuuliza kama sanduku hilo lipo, bila kutuma barua. Seva ikijibu kwa namba 250, lipo. Ikijibu 550, kwa kawaida halipo. Tatizo ni seva zilizowekwa zikubali kila kitu: ukiuliza hata jina la kubuni zinasema lipo. Hunter inazitaja wazi kuwa ni za kupokea zote, na huo ni uungwana, lakini maana yake ni kwamba hakuna kilichothibitishwa. Anwani za aina hiyo zitenge, uzitumie chache chache. Na usijaribu kuhakiki kwa programu ya bure ukiwa kwenye intaneti ya nyumbani: mitandao mingi imefunga njia ya barua namba 25, na pale inapopita, anwani yako ya intaneti inaweza kuwekwa kwenye orodha ya watuma taka.

Sasa sheria, maana kupata anwani si ruhusa ya kuiandikia. Ujerumani, soko kubwa la asali, sheria yake ya ushindani usio wa haki, kifungu cha 7, inakataza tangazo kwa barua pepe bila idhini ya awali, hata kwa kampuni. Hunter itakupa anwani zao bila kukuonya, na hilo ndilo tunalolilaumu zaidi kwenye huduma hii. Kwa Mjerumani tuma barua ya karatasi kwa posta, au mtafute kwenye Biofach, maonyesho ya bidhaa za kilimo hai pale Nürnberg. Anwani ya posta huhitaji kuilipia: kila tovuti ya biashara ya Ujerumani inalazimika kisheria kuwa na ukurasa wa Impressum wenye jina la kampuni, anwani na barua pepe. Uingereza unaruhusiwa kuiandikia kampuni iliyosajiliwa ukijitambulisha na kuipa njia ya kukataa, ila si mfanyabiashara binafsi. Marekani, sheria ya CAN-SPAM ya 2003 haidai idhini, lakini inadai anwani ya posta iliyo halali, kichwa cha barua kisichodanganya, na anayekataa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukuzuia kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara.

Kutuma: tumia domeni ya biashara yako, na mwambie fundi aliyekuwekea tovuti akuwekee SPF, DKIM na DMARC, mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanakaza hapo. Malalamiko ya taka yakifika asilimia 0.3, barua zako zinaweza kuanza kukataliwa au kutupwa kwenye taka. Domeni mpya ianze na barua 10 hadi 20 kwa siku. Katika kila 100, zikirudi zaidi ya mbili au tatu bila kufika, simama usafishe orodha kwanza.

Barua yenyewe iwe fupi na iwe na namba anazozitafuta mwagizaji wa asali. Kiwango cha Umoja wa Ulaya ni unyevu usiozidi asilimia 20 na HMF (kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa muda mrefu) isiyozidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Andika majibu yako ya maabara, tani ulizonazo, mwezi wa mavuno, na kwamba ni asali ya miombo ya Tabora. Usiambatishe faili kwenye barua ya kwanza, vichujio vya barua taka vinashtuka. Barua ya "sisi ni kampuni inayokua kwa kasi" inafutwa bila kusomwa.

Bei. Kuna mgao wa bure wa kila mwezi, mdogo, lakini kwa mwenye waagizaji 20 wa kuwatafuta unatosha, tena utafutaji usioleta kitu haukatwi. Kifurushi cha kwanza cha kulipia kimekuwa kikiuzwa dola 49 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki moja; hakikisha bei ya sasa kabla ya kuweka kadi. Kadi ya mtandaoni ya pesa za simu inaweza kutumika, ila acha salio la ziada kwa ajili ya tofauti ya kubadilisha fedha, la sivyo malipo yanakataliwa. Ukilazimika kulipia, kwanza kusanya domeni zote kwenye karatasi, lipia mwezi mmoja, zitafute zote, pakua orodha kwa faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel), kisha sitisha kabla ya tarehe ya kukatwa tena.