Pawabenki ipi ununue ukisafiri nje na kazi yako iko kwenye laptopu

Ingia duka la simu Kariakoo au Luthuli Avenue uulizie pawabenki, na muuzaji atakuuliza: ya elfu ngapi? Anamaanisha mAh, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Kwa mwenye simu tu swali hilo linatosha. Wewe unayekwenda kukaa miezi kadhaa Istanbul huku wateja wako wako Nairobi, anza na wati, yaani nguvu ya umeme inayotoka kwa wakati mmoja. Pawabenki ya wati 18 hujaza simu vizuri, lakini ukichomeka laptopu itagoma, au itachaji kinyonge huku asilimia zikiendelea kushuka. Laptopu nyingi nyepesi zinazochaji kwa USB-C huhitaji wati 45 hadi 65. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja yako kabla hujatoka nyumbani.

1. Elfu 20, wati 65. Hii ndiyo ningemchagulia ndugu yangu. Seli zake, yaani betri zilizo ndani, ni za volti 3.7, kwa hiyo mAh 20,000 ni wati-saa 74, kipimo cha umeme wote uliohifadhiwa. Ukitoa umeme unaopotea kama joto, unaobaki unaijaza laptopu ndogo karibu mara moja nzima. Na uwanja wa ndege haikusumbui, maana kikomo cha kawaida cha kubeba bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100.

2. Elfu 27. Imetengenezwa makusudi iguse kikomo hicho bila kukivuka: wati-saa 99 na kitu. Inamfaa mpiga picha au mhariri wa video mwenye laptopu nzito. Wengine watabeba uzito wa bure. Iliyozidi wati-saa 100 inahitaji kibali cha shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi kabisa na abiria.

3. Elfu 10. Nyepesi, ya mfukoni, inatosha simu unayoitumia kama hotspoti. Kama betri ya laptopu yako inamaliza siku nzima, huenda huhitaji kubwa kuliko hii. Ila usipange kubeba mbili ndogo badala ya moja kubwa: tangu Oktoba 1, 2025, Emirates, ambayo wengi wetu tunapita nayo Dubai, inaruhusu moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege.

4. Ya sola. Iache dukani. Kioo kile cha sola cha ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au mbili jua likiwa kali, na wewe utakuwa umekaa ndani unafanya kazi.

Kuna pia zile zilizoandikwa 50,000 mAh kwa bei ya chakula cha mchana, nyepesi kama sabuni. Hizo hata nafasi kwenye orodha sizipi. Mzigo halisi wa seli una uzito, kwa hiyo shika mbili mkononi ulinganishe. Kisha tafuta wati-saa zilizochapwa kwenye ganda lenyewe. Maandishi yakifutika, au yasipokuwepo, afisa wa ukaguzi anaweza kuichukua, na huna cha kumwonyesha kumbishia. Anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo aangalie pia alama ya 3C, ithibati ya usalama ya China: tangu Juni 28, 2025, China hairuhusu pawabenki isiyo na alama hiyo kwenye ndege zake za ndani ya nchi.

Popote uendapo, ikae kwenye begi la mkononi. Begi linalokwenda chini ya ndege haliruhusiwi kuwa nayo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule hakuna wa kuiona mapema.

Waya nao uutazame. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ukitaka wati 65 kamili nunua wa ampea 5, ulioandikwa wati 100 au zaidi. Uujaribu palepale dukani, na laptopu yako mwenyewe, kabla hujalipa.