Vitabu vya kiada vya kidijitali kwa Kiingereza cha watoto nyumbani: uzoefu wangu

Nilivitafuta kwa sababu ya matamshi tu. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili hutamka kila herufi anayoiona, kwa hiyo k ya "knife" inasikika na e ya "cake" haisazwi. Kitabu cha karatasi hakimsahihishi, na mimi mwenyewe yapo maneno nayatamka kwa kubahatisha.

Kwa upande huo nimeridhika kabisa. Tunatumia kitabu cha EPUB (aina ya faili la vitabu vya kidijitali) chenye sauti: kinajisoma, na kila neno linapotamkwa linapakwa rangi. Binti yangu hufuatisha kwa kidole. Akikwama anagusa neno, linarudiwa. Kasi inaweza kupunguzwa, ila ukiishusha mno sauti inaburuta na matamshi yanaharibika. Utaratibu wetu ni huu: asikilize ukurasa kwanza, kisha azime sauti anisomee mimi. Hapo ndipo inajulikana kama anasoma kweli au anakariri alichosikia.

Mazoezi ya kitabu hicho ndiyo yanayonikera. Yote ni ya kuchagua jibu. Akikosea, kinatoa mlio wa kuchekesha, naye anabonyeza jingine, na jingine, mpaka nyota itokee. Amejaza nyota tele bila kusoma swali hata moja (na ule mlio wa kukosea anaupenda kuliko wa kupata!). Sasa majibu anayaandika kwenye daftari, na tahajia imeanza kukaa.

Kabla hujalipa, omba sura ya majaribio. PDF zilizopigwa skani usimpe mtoto kwenye simu: maandishi hayajipangi upya kufuata upana wa kioo, atashinda akikuza na kusogeza mpaka mstari umpotee. Angalia pia kama sauti inapakuliwa pamoja na kitabu. Kimoja nilichonunua kilikuwa kinaivuta mtandaoni kila ukurasa. Bando likikata, kinakuwa bubu.

Hadithi za ziada tunazichukua StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, bure, zimepangwa kwa viwango vya usomaji. Zile zenye toleo la Kiswahili tunaanza nalo, halafu ya Kiingereza haimtishi tena.

Na tableti iwashiwe hali ya ndege kabla haijafika mikononi mwake, la sivyo somo linageuka katuni kabla hujakaa vizuri.