Darasa la wanandoa wanaotarajia mtoto: mkunga hodari, ukumbi mbovu

Mimi na mke wangu tulijiandikisha katika darasa hili, linaloendeshwa na kliniki moja binafsi hapa Dar es Salaam, mimba ikiwa na wiki 22, kwa sababu ambayo hatukuthubutu kuitaja mapokezi: tangu ujauzito uthibitishwe hatukuwa tumekaribiana, na kila mmoja aliamini kwamba asiyetaka ni mwenzake. Ada ni shilingi 60,000 kwa watu wawili, kwa vipindi vitatu vya Jumamosi asubuhi. Ni huduma tofauti na mahudhurio ya kawaida ya kliniki, ambako aghalabu mume huitwa siku ya kwanza apime virusi vya UKIMWI pamoja na mkewe, kisha akabaki nje akilinda mkoba.

Anayefundisha ni mkunga wa makamo, na thamani yote ya darasa iko kwake. Alianza kwa kugawa vikaratasi ili kila mtu aandike swali bila jina, waume upande mmoja na wake upande mwingine. Alipovisoma ilidhihirika kwamba wanaume wengi tulikuwa na hofu ile ile, kwamba tendo la ndoa humuumiza mtoto au kumchafua. Hakucheka. Alitia ndimu ndani ya glovu ya hospitali, akaijaza maji, akaifunga kifundoni na kutupitishia tuibonyeze, na kila tulipobonyeza ndimu iliteleza pembeni. Mtoto, alieleza, amezungukwa na maji ya uzazi pamoja na msuli mnene wa mfuko wa uzazi, huku mlango wa kizazi ukiwa umezibwa na ute mzito. Ule utando mweupe anaozaliwa nao, ambao mitaani husemwa kuwa ni mbegu za baba, hutengenezwa kwenye ngozi yake mwenyewe ili kuikinga. (Shangazi yangu bado hajakubali.)

Hakutuachia ruhusa isiyo na mipaka. Alisisitiza kwamba mama anayetokwa damu, ambaye chupa imepasuka, ambaye kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi, au mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati, hapaswi kushiriki tendo hilo bali amwone daktari, na kwamba hata matone machache ya damu baada ya tendo yaripotiwe.

Kipindi cha pili ndicho kilichotugusa zaidi, kwani kilihusu hamu, ambayo kwa wengi hushuka miezi mitatu ya kwanza kwa kichefuchefu na uchovu, huweza kurejea katikati, kisha hupungua tena tumbo linapokuwa zito. Mimi nilikuwa nimejifariji kwa usemi wetu kwamba mimba imemkataa baba. Mke wangu alipopewa nafasi alisema, mbele ya watu, kwamba kilichomshinda ni harufu ya mafuta yangu ya nywele. Mkunga alitufundisha pia kulala ubavu, kwa mto na khanga iliyokunjwa chini ya tumbo, kwa sababu mama akilala chali katika nusu ya pili ya ujauzito, uzito wa tumbo unaweza kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, akahisi kizunguzungu.

Kasoro ni mbili, na si ndogo. Ukumbi umetenganishwa na foleni ya dirisha la dawa kwa pazia tu. Tulipofika kwenye mambo ya faragha, mtu wa upande wa pili alikohoa kwa makusudi, na wanandoa vijana waliokuwa karibu yetu hawakusema neno tena. Kipindi cha tatu nacho kilichelewa kwa dakika 40, hivyo maisha ya ndoa baada ya kujifungua, yakiwamo maumivu ya mshono na ukavu wa uke wakati wa kunyonyesha, yaliishia kwenye agizo moja la kungoja siku arobaini.

Nilipouliza mapokezi kama kipindi hicho kitafidiwa, nilitakiwa kuandika ombi. Nimeliandika, na humo humo nimeomba pale penye pazia pawekwe mlango.