Mafunzo ya ishara za mikono kwa waendesha baiskeli jijini Mbeya: Jumamosi mbili, shilingi 20,000

Kwa miaka sita nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, na kwa muda huo wote niliamini kwamba kunyoosha mkono barabarani ni jambo ambalo mtu mzima hahitaji kufundishwa. Imani hiyo iliisha Juni mwaka jana, maeneo ya Ilomba, nilipoutoa mkono wa kulia bila kugeuka nyuma na pikipiki iliyokuwa tayari inanipita ikanigonga kiwiko. Sikuvunjika mahali popote, lakini kwa wiki mbili nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Ndipo jirani yangu aliponielekeza kwenye karakana moja ya baiskeli isiyokuwa na bango, ambayo wateja wake huitambua kwa rundo la rimu kuukuu lililo mlangoni, na ambayo fundi wake mkuu huwafundisha watu sheria za barabarani na ishara za mikono siku za Jumamosi. Nimemaliza mafunzo hayo, na ninaandika haya kwa ajili ya wanaojiuliza kama fedha yao itakwenda bure.

Ada ni shilingi 20,000 kwa Jumamosi mbili, kwa muda wa saa tatu kila siku, katika uwanja wa mpira wa mtaa. Tulikuwa wanafunzi tisa: wanafunzi wawili wa chuo, dada mmoja anayesambaza mikate, mafundi ujenzi watatu, muuza maziwa mwenye umri wa kunizaa, kijana aliyetumwa na baba yake, na mimi. Siku ya kwanza tuliambiwa saa moja na nusu asubuhi, tukaanza saa mbili na nusu kwa sababu chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa haijafika. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, kusimama saa nzima uwanjani ni adhabu, na mwalimu hakuomba radhi.

Lakini chokaa ilipofika nilielewa kwa nini aliisubiri. Alichora mstari mmoja mrefu, upana wa kiganja, akatutaka tuendeshe juu yake mmoja mmoja huku yeye akisimama nyuma yetu na vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Akipiga filimbi, unageuza kichwa juu ya bega la kulia, unataja rangi ya kitambaa alichoinua, unarudisha macho mbele. Kazi hiyo ikisemwa ni nyepesi. Mimi, mwenye miaka sita ya lami, nilitaja rangi sawasawa na nilipotazama chini nilikuwa nimeuacha mstari kwa zaidi ya mita moja upande wa kulia, yaani upande ule ule ambako magari yangekuwa. Mwili hufuata kichwa: ukigeuza shingo, bega huvutwa, na bega huvuta usukani. Dawa aliyotupa ni kulegeza kiwiko cha kushoto na kukielekeza kidevu begani badala ya kugeuza kifua kizima. Tulilirudia zoezi hilo kwa karibu saa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha mkono wowote kabla ya kutaja rangi mara tano mfululizo bila kutoka kwenye chokaa. Kama angefundisha hilo peke yake na kufunga mlango, bado ningeilipa ile ada.

Ishara zenyewe ni tatu, na kwa kuwa nchini mwetu vyombo hupita upande wa kushoto, zote zinaeleweka kirahisi. Anayeingia kulia hunyoosha mkono wa kulia moja kwa moja kutoka begani, vidole vikiwa pamoja na kiganja kikitazama mbele. Anayeingia kushoto hufanya hivyo kwa mkono wa kushoto. Anayepunguza mwendo au kusimama hunyoosha mkono wa kulia na kuupandisha na kuushusha taratibu, kiganja kikitazama chini. Mwalimu alitumia muda mwingi zaidi kwenye jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, nalo ni breki. Kwenye baiskeli yangu kishikio cha kulia ni cha breki ya mbele na cha kushoto ni cha nyuma, kwa hiyo ninaponyoosha mkono wa kulia ninabaki na breki ya nyuma pekee, ambayo ni dhaifu lakini haimrushi mtu; ninaponyoosha wa kushoto ninabaki na ya mbele, na nikiikamata ghafla kwenye changarawe za pembeni mwa lami, nitaruka juu ya usukani. Agizo lake ni kupunguza mwendo kwanza kwa mikono yote miwili, kutazama nyuma, kutoa ishara kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, kurudisha mkono kwenye usukani, kutazama tena, na ndipo kukata kona. Kuhusu ile hesabu ya tatu alitueleza kwa hesabu nyingine: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni zaidi ya mita 40. Dereva aliyeonyeshwa mkono kwa sekunde moja hajapata nafasi hata ya kukanyaga breki.

Hapa niongeze la kwetu. Mbeya watu husalimiana kwa kuinua mkono, na anayepita kwa baiskeli akiinua mkono nusu nusu huonekana anasalimia. Wiki iliyofuata baada ya somo la kwanza nilinyoosha mkono wa kushoto karibu na kijiwe cha wauza viazi, na mama mmoja akaniitikia kwa furaha, “Salama, baba, habari za kwako!” Nilicheka njia nzima, lakini niliporudi darasani nilimweleza mwalimu naye akanionyesha kosa: nilikuwa nimekunja kiwiko. Mkono wa ishara haukunjwi wala haupungwi. Akaongeza kwamba katika ukungu wa asubuhi glavu nyeusi juu ya koti jeusi hazionekani, akatushauri tushone utepe mweupe mgongoni mwa glavu. Utepe niliununua sokoni na kuushona mwenyewe jioni ile ile.

Sehemu ya pili iliyonipendeza ilihusu malori. Barabara yetu kuu ndiyo inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na pale Uyole hugawanyika, tawi moja likishuka Tukuyu hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Anayeishi kando yake anajua kwamba madereva wa masafa wana lugha yao ya indiketa, ambayo haimo kwenye kitabu: lori lililo mbele likiwasha ya kulia linamwambia aliye nyuma asipite, na likiwasha ya kushoto linamwambia njia ni nyeupe, apite. Sasa mwendesha baiskeli aliye ubavuni mwa lori hilo anaiona indiketa ya kushoto, naye hawezi kujua kama dereva anazungumza na basi lililo nyuma au anakata kona kuelekea Tukuyu. Akikosea kufasiri, atajikuta kati ya tela na ukingo wa barabara, kwa sababu magurudumu ya tela hayapiti palipopita ya kichwa, bali hukata kona kwa ndani. Mwalimu alilionyesha hilo kwa toroli mbili alizozifunga pamoja kwa mpira wa tairi, na chupa ya maji aliyoisimamisha kwenye kona ikapondwa na toroli ya pili baada ya ile ya kwanza kuipita kwa mbali. Lori lililojaa lenye tela linaruhusiwa kufika tani 56 katika nchi za Afrika Mashariki. Chupa ilitosha kuwa maelezo. Kanuni aliyotupa ni kubaki nyuma ya lori kila linapokaribia njia panda, kutazama magurudumu ya mbele badala ya taa, na kutojiingiza kushoto kwake hata kama limesimama na nafasi inatamanisha. Utingo akikupungia mkono kupitia dirishani kwamba upite, mshukuru na usipite, kwa kuwa anayeona barabara kwa niaba yako si yeye atakayelala hospitali. Sisi nasi alitukataza kuwapungia wengine kwamba njia ni salama.

Sheria aliipitia haraka, na sioni ubaya. Alitukumbusha kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya magari pekee, kwamba baiskeli nayo hukaa kushoto, na kwamba ishara ya askari huishinda taa: askari wa trafiki aliyeinua mkono na kiganja kikikutazama anakusimamisha wewe uliye mbele yake, na aliyenyoosha mkono ubavuni anawasimamisha walio nyuma yake. Alichora kipilefti kwa chokaa, tukazunguka huku tukiwapisha wanaotoka kulia kwetu. Alikemea pia ile tabia ya vijana ya kushika lori kwa nyuma linapopanda mlima polepole. Wawili miongoni mwetu walitazama chini.

Kasoro kubwa ya kwanza ni karatasi tunayopewa kwenda nayo nyumbani. Picha zake zimechukuliwa kwenye intaneti, na ni za Marekani, ambako vyombo hupita upande wa kulia na ambako anayetaka kuingia kulia anaweza kuonyesha hivyo kwa kuukunja mkono wa kushoto na kuuelekeza juu. Mwendesha baiskeli wa pichani amekaa upande wa pili wa barabara na mkono wake umekunjwa kwa namna ile ile ambayo mwalimu ametumia Jumamosi nzima kuikataza. Nilipomuuliza, alichukua kalamu akazikata picha mbili kwa alama ya mkasi na kusema, “Hizo ziache.” Jibu hilo halitoshi. Kijana aliyetumwa na baba yake ataifikisha karatasi nyumbani, baba ataisoma, na baba hakuwepo uwanjani. Kuchora picha tatu za kwetu kwa penseli na kuzitoa fotokopi ni kazi ya jioni moja.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mafunzo yote yalifanyika kwa baiskeli tupu, uwanjani, ilhali Mbeya baiskeli tupu ni ya wachache. Yule mzee muuza maziwa alikuja na baiskeli yake ya kazi, keria ya nyuma ikiwa na madumu mawili ya lita 20, na siku ya kwanza aliambiwa ayafungue. Siku ya pili aliomba kwa heshima aruhusiwe kujaribu akiwa nayo. Yalijazwa maji nusu tu. Alianza vizuri, akatazama nyuma, akataja rangi, lakini mkono wa kulia ulipoacha usukani maji yaliyumba, gurudumu la mbele likayumba nayo, na mzee akashusha mguu chini kwa haraka. Akasema, “Mwanangu, mimi nikitoa mkono, maziwa yananimwaga.” Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwenye mzigo wa namna hiyo asimame kushoto kabisa, ashuke, asubiri njia iwe wazi pande zote, asukume avuke kwa miguu. Ni jibu la kweli, na ninaamini ndilo sahihi, lakini lilitolewa kwa dakika mbili, mwishoni, baada ya saa tano zilizotuhusu sisi tusiobeba kitu. Vilevile hatukutoka hata mara moja kwenda barabarani, wala hapakuwa na neno lolote kuhusu usiku zaidi ya kutuambia tuwe na taa na kutuuzia vizibao vya reflekta kwa shilingi 10,000, bei ambayo sokoni nimeiona pungufu.

Kwa anayekwenda kazini au shuleni na begi mgongoni, ningesema alipe bila kusita, hasa sasa ambapo kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kinapanuliwa kuwa njia nne na kuingia kulia kutamaanisha kuvuka njia nyingi zaidi kuliko tulizozizoea. Kwa wa mikate, wa mkaa na wa maziwa, nisingemshauri atoe shilingi 20,000 kwa mafunzo yalivyo leo. Tulipokuwa tunaagana nilimweleza mwalimu maoni haya haya, akayapokea vizuri, na jana alinipigia simu: ameongeza Jumamosi ya tatu kwa wabeba mizigo, shilingi 5,000, na kila mmoja anatakiwa kuja na mzigo wake halisi. Mzee wa maziwa ameshalipa, na ameniomba nimsaidie kubeba madumu hadi uwanjani, kwa sababu safari hii yatajazwa hadi juu.