TAHADHARI: Anauza seti ya "breki kubwa" za MX-5, pedi ni feki

Wenzangu wenye Mazda MX-5 (kale kagari kadogo ka michezo) ya kizazi cha kwanza, hasa sisi wa injini ya lita 1.6 tunaofungua magari wenyewe, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Mnaujua mradi wenyewe: kuipa 1.6 breki kubwa za mbele za ile ya lita 1.8. Diski za mbele za 1.6 zina kipenyo cha milimita 235, za 1.8 zina 255. Kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zinabaki zilezile, unachotafuta ni braketi za 1.8 zinazoshikilia kalipa, na diski na pedi zake. Ni kazi ya asubuhi moja kama boliti hazijashikwa na kutu. Kila mtu anasaka seti hiyohiyo, na wengi wetu, tuseme ukweli, ni mkono wa birika. Tapeli atakosaje kuweka kambi hapo?

Huyu aliyeniingiza mjini gari analijua. Aliniuliza hadi rimu zangu ni za inchi ngapi, zisije zikagusa kalipa. Hapo ndipo aliponimaliza. Nilipoomba video ya vitu vyenyewe akasema kamera ya simu imeharibika (na ile picha ya kwenye tangazo kaipiga na nini?), kisha akasema kuna mteja mwingine yuko njiani. Nikamtumia hela yote moja kwa moja, nje ya mfumo wa malipo wa soko la mtandaoni, "tukwepe makato". Hilo ni kosa langu, sina wa kumlaumu.

Mzigo ulifika. Braketi ni za 1.8 kweli, ila zimepakwa rangi nyeusi juu ya kutu, na pini moja ilikuwa imeganda nikaitoa kwa nyundo. Diski nikazipima kwa vernia: 255 kamili. Kuona viwili viko sawa, cha tatu sikukihangaikia. Pedi zilikuwa ndani ya boksi la chapa inayojulikana, nikafunga.

Nikaenda kuzizoesha pedi mpya na diski kwenye barabara tupu, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi kama 10, naachia zipoe kidogo, narudia. Mara ya sita nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kanyagio likawa gumu kama jiwe lakini gari halishiki. Angalieni hapo: mafuta ya breki yakichemka kanyagio hulegea na kuzama. Likibaki gumu na gari bado linateleza tu, shaka ipeleke kwenye pedi. Nilirudi nyumbani kwa gia na handibreki, jasho linanitoka.

Nilipovua gurudumu nikakuta pedi ya ndani ina ufa kati ya kile kitambaa chake kinachosugua diski na bamba la chuma linalokibeba. Nikachomeka bisibisi, kikabanduka chote kwa mkupuo kama gome la mti mkavu. Nyuma yake rangi ya bamba inang'aa, gundi imewekwa tone moja tu katikati.

Ndipo nikazikagua kama nilivyopaswa kufanya mwanzo. Pedi zinazouzwa Marekani huwa na msimbo pembeni unaoishia kwa herufi mbili, mfano FF au GG: ya kwanza ni mshiko zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikipata moto. Za Ulaya zina E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoziidhinisha (1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza) na maandishi 90R. Zangu hazikuwa na chochote, pembeni patupu. Boksi lilitaja namba moja ya kipuri, bamba halina namba kabisa. Najua herufi nazo zinaweza kuchapwa na yeyote, lakini huyu hata hakujisumbua.

Nilimtumia picha. Akajibu kwamba nimefunga vibaya, kisha kwamba kitu kikishafungwa hakirudi, kisha akanibloki. Plagi za injini za iridiamu alizonipa kama "zawadi" sijazifunga wala sitazifunga. Ncha yake ya kati ni nene kama ya plagi ya kawaida, wakati iridiamu halisi huwa nyembamba kama sindano.

Picha yake ni diski mbili juu ya zulia jekundu, na kona ya boksi imechanika. Juzi nimeikuta tena chini ya jina jingine. Safari hii inauza seti ya nyuma.