Utambi unazama: kuongeza unene au kupunguza manukato?
Mshumaa wa nta ya soya kwenye glasi ya sentimita 7, manukato asilimia 10 ya uzito wa nta: moto unanywea hadi kuwa kama punje ya mchele, kisha unazama. Mafuta mazito ya manukato, hasa ya vanila, hupanda kwa shida na kuziba nyuzi za utambi.

Kupanda saizi moja ya utambi huupa moto nguvu, na manukato yanabaki yale yale. Ila usiruke saizi mbili kwa pupa: moto hurefuka, masizi hupaka ukingo, ncha huota kichwa cheusi kama uyoga, na glasi huwa ya moto isiyoshikika. Hiyo ni hatari, si kasoro ya sura tu.

Afadhali kuanza kwa kupunguza manukato hadi asilimia 7, yaani gramu 35 kwa nusu kilo ya nta badala ya 50. Mara nyingi harufu haififii sana, kwani moto imara huyeyusha nta vizuri. Ukiona matone ya mafuta juu ya mshumaa, usihangaike na utambi kwanza, nta imeshiba.

Kwa vyovyote, kata utambi ubaki milimita 5, washa kwa muda wa saa 4, uangalie kama nta imeyeyuka hadi ukingoni. Kila jaribio, badilisha kitu kimoja tu.